Mzee Hahitaji Chakula Peke Yake

Askari apatapo barua ya uhamisho hufunga mizigo, akachukua mke na watoto, akaelekea kambi nyingine. Wazazi wake hubaki kijijini. Mwisho wa mwezi huwapelekea fedha za sukari na dawa, naye huona wajibu wake umetimia. Hata hivyo, mzee mwenye chakula ndani aweza kushinda kutwa nzima bila wa kuzungumza naye.

Mwaka 2010 Serikali ya Uganda ilianzisha mpango wa kuwapa wazee ruzuku ya fedha. Msaada huo ni wa maana sana. Lakini mzee huumia pia anapoona kwamba hana tena la kumpa mtu. Mtaalamu wa elimu ya nafsi, Erik Erikson, alieleza mwaka 1950 kwamba mtu mzima ana haja ya kukiongoza kizazi kinachomfuata. Akikosa nafasi hiyo, maisha yake hudumaa.

Jambo hili limeonekana Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa maradhi ya akili, Dixon Chibanda, alianza kazi Mbare, mjini Harare, pamoja na akina bibi 14. Walifundishwa kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu waliolemewa na yale ambayo Washona huyaita kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosaidiwa hivyo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Nasi nyumbani tufanye nini? Kwanza, wakati wa likizo tuwapeleke watoto wakae siku kadhaa kwa babu na bibi. Pili, mtoto achukue daftari, aandike majina ya ukoo na mipaka ya shamba kama mzee anavyomweleza. Tatu, wapande pamoja mvule. Babu hatauona ukikomaa, lakini atajua ni nani atakayepumzika kivulini mwake. Nne, tunapopiga simu tusiulize tu kama fedha zimefika. Tumwombe mzee shauri, kisha tumsikilize hadi amalize.

Askari wa leo ni mstaafu wa kesho. Mtoto anayeona sasa jinsi babu yake anavyosikilizwa, ndiye atakayetusikiliza sisi.