Tabaka giligili

Tabaka giligili ni tabaka la chembe ngumu, kama mchanga, linalopulizwa hewa au kusukumiwa maji kutoka chini mpaka likaanza kutembea kama kimiminika. Mchanga ulio katika hali hiyo hujisawazisha wenyewe; jiwe likitupwa juu yake huzama, na kipande cha mbao huelea. Mjerumani Fritz Winkler aliitumia njia hii mnamo miaka ya 1920 kugeuza makaa ya mawe kuwa gesi. Viwanda vya chai vya Kericho nchini Kenya huitumia kukaushia chai.

Ukubwa wa chembe

Hewa ikipita polepole hupenya kati ya chembe bila kuzisogeza. Kasi ikiongezeka, hufika mahali ambapo nguvu ya hewa inalingana na uzito wa tabaka, na chembe huachana. Kwa chembe ndogo, kasi hiyo hufuata kipenyo kwa kipeo cha pili: chembe yenye kipenyo mara mbili huhitaji kasi karibu mara nne. Mchanga wa milimita 0.2 huanza kuelea hewa ikipanda kwa sentimita 3 hivi kwa sekunde. Ule wa milimita 0.4 hutaka zaidi ya sentimita 10.

Mwaka 1973 Derek Geldart aligawa chembe katika makundi manne, A hadi D, kwa kutazama ukubwa na msongamano wake. Vyakula vya nyumbani vinatosha kuyaeleza. Unga laini wa ngano ni wa kundi C: chembe zake hushikamana, hivyo hewa hutoboa vijishimo na kutokea hapo huku unga wenyewe umetulia. Wanafunzi wengi hudhani kitu kikiwa laini zaidi ndipo huelea kwa urahisi, na hapo ndipo hukosea. Kundi A ni chembe laini zisizoshikamana sana. Tabaka lake huvimba kwanza, kisha hutoa mapovu. Mchanga wa kawaida wa mtoni ni wa kundi B, nao hutoa mapovu mara tu unapoanza kuelea. Mahindi na mpunga ni wa kundi D, na huhitaji hewa nyingi mno. Mara nyingi hewa hurusha punje katikati kama chemchemi.

Chembe zikichanganyika ukubwa, kasi inayoinua kubwa huweza kupeperusha ndogo nje ya chombo.

Pumba za mpunga

Mkoani Katavi, bonde la Mpimbwe hulima mpunga, na kila penye mashine ya kukoboa hubaki pumba. Ni kuni nzuri, lakini haziwezi kufanya tabaka giligili peke yake. Ni nyepesi, ndefu, zina ncha, nazo hunasana, kwa hiyo hewa hupita pembeni. Dawa yake ni mchanga: chombo hujazwa mchanga wa chini kidogo ya milimita moja, hupashwa moto, kisha pumba huingizwa kidogo kidogo. Mchanga ndio unaoelea na kuzikoroga pumba, na joto husambaa sawasawa. Pumba hupenda kupanda juu, ndiyo maana huingizwa ndani ya mchanga wenyewe na si kumwagwa juu yake. Majivu yake, ambayo sehemu kubwa ni silika, huwa laini na hutoka pamoja na moshi, hivyo bomba la moshi huwekewa chombo cha kuyanasa.