Ndege wa Mashamba Yetu: Tuwafukuze ama Tuwalinde?

Msimu wa kupalilia mahindi ukifika, maongezi yetu kwenye njia ya shamba yanakuwa yale yale: kiwavi. Kiwavi jeshi huyu anayejificha ndani ya moyo wa hindi na kutoboa majani ana asili ya Amerika. Katika Afrika alionekana mara ya kwanza mwaka 2016, upande wa magharibi, na kwa muda mfupi akaenea hadi kwetu. Tangu hapo tunaulizana dawa gani inunuliwe, na kwa pesa ipi. Ni swali la haki. Lakini kuna swali jingine tunalosahau: wale waliokuwa wanakula wadudu wa mashamba yetu bila kudai hata franga moja, tumewafanyia nini?

Ninasema juu ya ndege.

Wafanyakazi wasiolipwa

Angalia siku ya kulima. Nyuma ya jembe anakuja yule ndege mdogo, mweusi na mweupe, anayetikisa mkia. Anaokota wadudu ambao udongo umewafunua. Kwenye malisho ya Masisi, yangeyange weupe wanafuata ng'ombe na kukamata panzi wanaoruka mbele ya kwato. Juu ya mashamba, mbayuwayu anakula wadudu hewani kutoka asubuhi mpaka jioni. Hata kwera, huyu tunayemlaumu kwa ajili ya mtama, anapolea makinda yake anawatafutia wadudu. Kinda ni kama mtoto wetu: ili akue anahitaji chakula cha kujenga mwili, si nafaka peke yake.

Ndege hawawezi kumaliza kiwavi jeshi peke yao. Mama anapaswa bado kupita shambani mara mbili kwa juma wakati mahindi yangali madogo, kutafuta mayai chini ya majani na kuyaponda kwa vidole. Lakini shamba lenye ndege lina macho mengi kuliko yetu.

Wachina walijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1958 serikali yao iliamuru raia wote waue shomoro kwa sababu wanakula nafaka. Watu walipiga sufuria na ngoma ili ndege wasipate pa kutua, mpaka wakaanguka kwa uchovu. Viota vilibomolewa na mayai yakavunjwa. Baadaye wadudu waliongezeka mashambani. Mwaka 1960 amri ilibadilishwa: shomoro aliondolewa kwenye orodha ya maadui, na kunguni akawekwa mahali pake. Njaa kubwa iliyoipata China miaka ile ilikuwa na sababu nyingi, na nyingi zilitoka kwa maamuzi ya wakubwa, lakini kuua shomoro kuliongeza mzigo juu ya mzigo.

Kwa nini wanapungua

Ndege anahitaji vitu vitatu: pa kulala, pa kutagia na chakula kisicho na sumu. Tukikata ua wote wa shamba, tukikausha bwawa lote la nyasi, tukinyunyiza dawa kila mahali, tumemfukuza hata kama hatukumrushia jiwe.

Hali yetu tunaijua. Vita vimehamisha familia nyingi, na nyingine zaidi ya mara moja. Familia inayorudi inahitaji miti ya kujengea, kuni za kupikia, na makala ya kuuza ili mtoto apate daftari. Mtoto mwenye njaa anayewinda ndege si mwizi. Kwa hiyo siandiki hapa ili nimtie mama yeyote hatia. Ninaandika kwa sababu kuna mambo ambayo hayatunyimi chakula, na tunayafanya tu kwa mazoea: mtoto aliyeshiba anayepiga ndege kwa manati ili kujipima shabaha, moto unaochoma nyasi zote mpaka ukingo wa mto, na sumu inayowekwa ovyo ndani ya nyumba.

Bundi na akiba ya maharagi

Hapa ninaomba uvumilivu, kwa sababu wengi wetu tumelelewa tukisikia kwamba bundi akilia juu ya nyumba, mtu atakufa. Basi vijana wanatumwa kumpiga mawe.

Tufikiri pamoja. Bundi anafuata panya. Panya anafuata chakula, na chakula kiko karibu na nyumba zetu. Ndiyo maana bundi analia karibu na nyumba. Jozi moja ya bundi wenye makinda inaweza kula panya zaidi ya elfu moja kwa mwaka. Mama aliyehifadhi maharagi na mahindi ya mbegu anajua panya mmoja anaharibu kiasi gani. Anayemuua bundi ameacha mlango wa akiba yake wazi.

Ukitaka ushahidi, nenda mchana chini ya mti ambapo bundi analala. Bundi anameza panya mzima, kisha anatapika donge la manyoya na mifupa. Mwambie mtoto alifungue kwa kijiti, kisha anawe mikono kwa sabuni. Atakuta mafuvu na meno ya panya. Hakuna somo la sayansi linaloshinda hilo.

Woga huu pia haumalizikii kwa ndege. Hapa Kivu, wanawake wazee wamepigwa na kufukuzwa vijijini kwa kusingiziwa uchawi. Mtoto anayefundishwa leo kwamba bundi ni mchawi kwa sababu analia usiku, kesho atanyoshea kidole mjane anayeishi peke yake. Tukimfundisha kuuliza sababu, tunamlinda bundi na tunamlinda bibi pia.

Sumu hairudi nyuma

Dawa ya panya inayouzwa sokoni haimuui panya peke yake. Panya aliyeila anatembea taratibu, bundi ama paka anamkamata, naye anaweza kufa. Kuku anadonoa kilichomwagika. Na mtoto anayetambaa anaweka mkononi kila anachokiona, kisha mdomoni.

Katika eneo la Bunyala, magharibi ya Kenya, wawindaji walitumia dawa ya wadudu iitwayo Furadan kuua ndege kwenye mashamba ya mpunga, kisha nyama yao ikauzwa kwa watu kama kitoweo. Mwanamke aliyenunua ndege wale hakuona sumu kwa macho. Kwa hiyo tukumbuke: ndege ama samaki aliyekutwa amekufa bila sababu inayojulikana haletwi jikoni.

Korongo mwenye taji

Wako ndege wengine wanaohitaji ulinzi wa pekee. Mmoja ni korongo mwenye taji la rangi ya dhahabu kichwani, ambaye wanaosema Kinyarwanda wanamwita umusambi. Ndiye yuko kwenye bendera ya Uganda. Anatagia ndani ya mabwawa ya nyasi, kwa kawaida mayai mawili ama matatu, na mume na mke wanapokezana kuyalalia kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Mchana wanatembea shambani na kwenye malisho, wakigonga miguu chini ili panzi na wadudu watoke. Tangu mwaka 2012 amehesabiwa duniani kati ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka, kwa sababu mabwawa yanakaushwa, mayai na makinda yanachukuliwa, na wengine wanauawa kwa sumu.

Lakini ndege aliyepungua anaweza kurudi. Nchini Rwanda, daktari wa mifugo Olivier Nsengimana alianzisha kazi ya kuwakusanya makorongo waliokuwa wakifugwa kwenye bustani za hoteli na za nyumba za watu. Kuanzia mwaka 2014 wenye ndege hao waliombwa wawatoe bila kuadhibiwa. Wenye uwezo wa kuruka walipelekwa mbuga ya Akagera, na waliovunjika mabawa walitengenezewa kituo chao Kigali. Watu wanaoishi kando ya mabwawa walipewa kazi ya ulinzi, na shule zikafundishwa. Hesabu ya mwaka 2017 ilipata makorongo 487 wa porini. Ile ya mwaka 2022 ilipata 1,066. Miaka mitano tu, na idadi ikazidi mara mbili.

Kwetu pia sheria ipo: sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa mazingira ya asili. Lakini sheria haikai bwawani usiku na mchana. Anayekaa karibu na bwawa ni mama anayelima pale.

Tunaweza kuanza wapi?

Kikundi cha wamama hakihitaji kungoja mradi wala gari la wageni. Haya yanawezekana kwa mikono yetu:

1. Tuache ukanda wa nyasi na vichaka, hatua tano hivi, kando ya mto na bwawa. Unawapa ndege pa kutagia, na unazuia udongo wetu kuchukuliwa na mvua.

2. Tupande ua wa miti na matete kwenye mpaka wa shamba. Mkaratusi unatoa makala, lakini usiwe peke yake. Tuchanganye na miti yenye maua na matunda.

3. Tuchomeke vijiti virefu vyenye tawi katikati ya mahindi, ili ndege wapate pa kutua na kuona viwavi.

4. Badala ya sumu, tutumie mitego ya panya na paka, tufunike akiba vizuri, na tuziachie popo na bundi miti yao mikubwa.

5. Mtama unapoanza kukomaa, tulinde kwa zamu. Kwera anakula kweli, hatufichi. Lakini hatari hiyo ni ya majuma machache. Wamama wenye mashamba yanayopakana wakipokezana, kwa makopo ya kugonga na kamba za kutikisa, hakuna mtoto atakayekosa shule kwa ajili ya kufukuza ndege.

Kazi ya juma hili

Kila mama achague asubuhi moja, akae na watoto wake kando ya shamba kwa muda wa kuchemsha sufuria ya maharagi mabichi. Wahesabu ndege wanaotua, na waangalie kila mmoja anakula nini: mbegu, mdudu, ama panya. Waandike kwenye daftari na kuleta kwenye mkutano wa kikundi. Turudie hesabu hiyo msimu ujao, mahali pale pale. Hapo tutajua kama ukanda wa nyasi tulioacha umeanza kufanya kazi.