Uso wa Mtoto na Kikombe Kimoja cha Maji

Wengi wenu hutuuliza juu ya kuosha uso: tutumie sabuni gani, mara ngapi kwa siku, na hizi krimu za sokoni je? Habari ya krimu tuiache kando. Mtu mzima mwenye ngozi isiyo na ugonjwa, maji safi na sabuni ya kawaida asubuhi na jioni yamtosha. Sisi tunataka kuzungumza juu ya uso ambao hakuna anayeuulizia. Ni uso wa mtoto mdogo, wa mwaka 1 hadi 9, hasa kwa wenzetu wa sehemu kavu kama Turkana, Samburu, Baringo, Pokot Magharibi, Narok na Kajiado. Huko uso usiooshwa unaweza kumfanya mtu awe kipofu.

Ugonjwa wenyewe unaitwa trakoma. Wengine husema vikope. Unaletwa na kijidudu kinachokaa chini ya ukope, na pia hupatikana katika kamasi. Mtoto anakuwa na macho mekundu yenye tongo, na mara nyingine huonekana kama hana shida kubwa, anacheza tu. Kwa hiyo watu wazima hawashtuki. Lakini ile tongo inasafiri. Inasafiri kwa vidole vya mtoto, kwa mto na blanketi wanaloshiriki, kwa nzi anayetua jicho hili kisha lile, na kwa pindo la leso ya mama.

Hapo kwenye leso tusimame kidogo. Mama mwema akiona mtoto ana tongo, anafanya nini? Anashika pindo la leso, anamfuta. Mtoto wa pili akija, pindo ni lile lile. Halafu jasho likimtoka anajifuta mwenyewe. Kwa mapenzi kabisa, ugonjwa umezunguka nyumba nzima kabla chai haijaiva. Ndiyo sababu trakoma huwaumiza wanawake kuliko wanaume: wao ndio wanaokaa na watoto mchana kutwa.

Upofu hauji siku hiyo. Mtoto huambukizwa, hupona, huambukizwa tena, mara nyingi, miaka nenda miaka rudi. Kila mara ukope wa juu unapata kovu upande wa ndani. Kovu likivutana, ukope unageuka na nywele zake zinaanza kukwaruza kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Yule nyanya anayeshikwa mkono na mjukuu kwenda msalani, shida yake pengine ilianza akiwa na miaka minne.

Sasa mtasema: maji yako wapi? Ni swali la haki. Mama aliyetembea saa tatu na mtungi mgongoni anafikiria chai, uji na ndama kabla ya kufikiria uso. Lakini hebu mjaribu jambo moja mkiwa kwenye mkutano. Chukueni chupa ya nusu lita, toboeni kifuniko kwa msumari, muoshe watoto mmoja baada ya mwingine mkihesabu. Mtashangaa. Beseni ndilo linalokula maji, tena beseni moja kwa watoto watano ni kuwagawia ugonjwa. Waiteni na wazee waone kwa macho yao, kwani katika nyumba nyingi matumizi ya maji si shauri la mama peke yake.

Kwa kila siku, tengenezeni kibuyu chirizi. Chukua mtungi wa plastiki wa lita 5, pasha msumari moto, toboa tundu dogo karibu na chini, uzibe kwa kijiti. Utundike kivulini, mahali mtoto anafikia. Kijiti kikitolewa na kifuniko kikilegezwa kidogo, maji yanachirizika. Kifuniko kikikazwa sana hayatoki vizuri, kwa sababu hewa haiingii. Mkubwa anaosha mikono yake kwanza, kwa sabuni kama ipo. Halafu anakinga maji kiganjani, anaosha macho ya mtoto mpaka tongo yote itoke, kisha pua. Pua isisahauliwe! Mwacheni akauke kwa upepo, au kila mtoto awe na kitambaa chake kinachofuliwa na kuanikwa juani. Asubuhi na jioni, na wakati wowote tongo ikionekana. Sabuni ikikosekana, oshea maji matupu. Usingoje ya kununua.

Je, kweli inasaidia? Katika wilaya ya Kongwa huko Tanzania, sehemu kavu kama zetu, watafiti walifuata watoto wa vijiji waliokuwa wamepewa dawa ya kupaka machoni. Matokeo yalitolewa mwaka 1995: wale ambao nyuso zao ziliendelea kuwa safi walipatwa kidogo na trakoma kali kuliko wengine. Jambo ni kuendelea, si kuosha siku ya wageni.

Kuosha peke yake hakumalizi kazi. Yule nzi wa machoni hupenda kuzaana katika kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi, kwa hiyo choo cha shimo ni dawa ya macho pia. Wahudumu wa afya wakileta azithromaisini, nyumba nzima itibiwe, hata wasio na dalili. Kwa njia hizi pamoja na upasuaji wa kope, Oman ilithibitishwa mwaka 2012 na Shirika la Afya Duniani kuwa imeondoa trakoma kama tatizo la afya ya umma, na Malawi ikafuata mwaka 2022. Malawi si nchi tajiri.

Kikundi kinaweza kuchagua akina mama wawili wa kuangalia nyuso za watoto kila siku ya mkutano. Waangalie, wasiulize, kwa maana ukiuliza kila mtu ameosha. Wala wasimuaibishe mtu. Wawe na maji pale pale. Na mkimwona nyanya anayejing'oa kope kwa kikoleo, jueni nywele hizo zitaota tena na kuendelea kumkwaruza. Mpelekeni kituo cha afya wiki hiyo hiyo mkaulize siku ya upasuaji. Ni upasuaji mdogo, anapigwa sindano ya ganzi kwenye ukope, na hurudi nyumbani siku hiyo.