Mgeni analipia nini anaposhuka Shimo la Mungu?

Ukikutana na watu sita au wanane wenye mabegi mgongoni na kofia pana, wanashuka kwa miguu njia ambayo wewe mwenyewe ungeikwepa, swali la kwanza ni lile ambalo wasikilizaji wetu wa Newala na Masasi hutuuliza: hawa wana hela ya gari, kwa nini wanatembea? La pili hufuata papo hapo: wamemlipa nani?

Hiyo ni likizo. Mtu huchukua ruhusa kazini, hulipa kampuni ya utalii, kisha huungana na wenzake wachache, ambao mara nyingi hawajuani, kwenda kutembea porini, kupanda majabali au kulala kwenye mahema. Anayewaongoza ni mtu anayeijua njia. Kwa kawaida kundi halizidi watu kumi na wawili hivi, na idadi hiyo ina sababu. Njia ya miguu ni nyembamba, watu hufuatana mmoja nyuma ya mwingine, na kiongozi akigeuka anatakiwa amwone wa mwisho. Wakiwa thelathini, wa mwisho akianguka, wa mbele atazisikia habari jioni.

Kilimanjaro ndiyo kazi yao ya kila siku. Kwetu kusini wageni wa namna hii bado ni wachache, ila mahali pa kuwapeleka papo. Masasi kuna majabali yaliyochomoza kutoka tambarare, Mkomaindo na Mtandi yakiwa maarufu zaidi. Newala kuna Shimo la Mungu. Jina lake humchanganya mgeni, maana anatarajia kuona shimo. Ni ukingo wa uwanda wa Makonde: ardhi inakatika ghafla karibu kabisa na mji, na ukisimama pale unaliona bonde la Ruvuma limetandazwa hadi upande wa Msumbiji. Mji uko zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, na bonde liko mamia ya mita chini ya miguu yako.

Hapo ndipo ilipo hatari ambayo mgeni, hata aliyekwisha kupanda milima mingi, huwa haioni mapema. Mlimani mtu hupanda akiwa na nguvu na hushuka akiwa amechoka. Akishindwa katikati, hugeuka na mteremko humsaidia kurudi. Newala ni kinyume. Asubuhi yenye baridi unashuka kama unacheza, unapiga picha, unacheka. Kazi inakuja saa saba mchana, jua limesimama utosini, maji yamebaki nusu chupa, na nyumbani ni juu. Kiongozi asiyelijua hili atawashusha watu mpaka chini kwa sababu tu kushuka ni rahisi.

Anayelijua hupiga hesabu kabla ya kuondoka. Ikiwa kushuka kumechukua saa moja na nusu, kupanda kutataka saa tatu, na pengine zaidi kwa mzee au mtu mnene. Kwa hiyo hutaja saa ya kugeuka wakiwa bado juu, na ikifika wanageuka hata kama hawajafika walikotaka. Hutembea kwa mwendo wa aliye mzito kuliko wote. Huweka mtu mmoja mbele na mwingine nyuma. Kila mtu hubeba maji yake, si chini ya nusu lita kwa kila saa ya kutembea, na zaidi wakati wa joto kali. Mtu akianza kulalamika kichwa na kichefuchefu, kivuli kwanza, maji kidogo kidogo, na ORS kama ipo kwenye begi. Akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, hiyo ni dharura: mpozeni kwa maji na kitambaa, na aanze safari ya hospitali huku mnaendelea kumpoza.

Kuhusu maji, wenyeji hawahitaji kufundishwa. Udongo wa uwanda wetu ni wa kichanga, mvua ikinyesha hunywewa yote, na juu hapabaki mto. Maji hayo huzama, kisha hutokeza chini, kwenye miguu ya uwanda. Ndiyo maana Ndanda, kule chini, wana chemchemi, na Newala, huku juu, walikuwa na kiu. Kabla ya mradi wa maji ya bomba ulioanza miaka ya 1950, wanawake wa Newala walishuka bondeni na kupanda tena na maji kichwani. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig nchini Ujerumani, alipita Masasi na kukaa Newala, na katika kitabu chake aliandika juu ya shida hiyo ya maji. (Weule alikuja pia na mashine ya kurekodi nyimbo kwenye silinda za nta. Kwa sisi watu wa redio, hilo peke yake linatosha kumkumbuka.)

Kwa hiyo njia ambazo leo mgeni analipia kuzitembea kwa starehe ni zile zile ambazo bibi zetu walizipanda kwa kulazimika. Wanajua kivuli kiko wapi, jiwe gani huteleza baada ya mvua, na mahali pa kupumzika kabla ya ule mpando wa mwisho. Kijana anayetaka kazi ya kuongoza wageni akae na bibi yake jioni mbili tatu kabla hajanunua viatu. Na mimi sioni kwa nini mama wa makamo asiongoze kundi yeye mwenyewe. Mgeni halipii misuli, analipia kujua.

Sasa hela. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka anayefanya biashara ya kusafirisha na kuongoza watalii awe na leseni, ile ambayo wengi huiita TALA. Kampuni ikija na wageni Newala, huyo kiongozi wao mwenye leseni mara nyingi hatoki hapa, na ndiyo sababu hutafuta mwenyeji wa kuwaonyesha njia. Mwenyeji huyo mara nyingi huambiwa "tutaangalia baadaye", na baadaye ni noti moja dirishani mwa gari. Mpatane kabla ya kushuka: malipo ya siku nzima, nani anabeba mzigo na kilo ngapi, nani anapika, kijiji kinapata nini. Bakshishi ni ya juu, haihesabiwi. Kilimanjaro wapagazi walihangaika miaka mingi na suala hili, na leo mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20 na hupimwa kwenye mizani langoni. Kaskazini pia, miaka ya 1990, kwa msaada wa shirika la SNV la Uholanzi, ulianzishwa utalii wa utamaduni ambapo sehemu ya malipo ya mgeni huingia kwenye mfuko wa kijiji, kwa ajili ya shule au maji. Hapa kwetu serikali ya kijiji inaweza kukaa na kampuni na kuandikiana jambo kama hilo. Karatasi yenye mhuri wa kijiji, basi.

Mtendaji wa kijiji aonwe kwanza kwa sababu nyingine pia. Bonde la Ruvuma ni mpaka. Tangu machafuko ya Cabo Delgado yaanze mwaka 2017, kundi la wageni wasiojulikana likionekana karibu na mto huibua maswali, na ni haki. Wageni wawe na hati zao, na asiwepo wa kuvuka mto kwa mtumbwi "kuona tu". Mtoni kuna mamba na viboko, hakuna kuoga. Kwa Masasi, Mtandi ni eneo la kanisa la Anglikana, kwa hiyo hodi hupigwa huko kabla ya kupanda.

Wakati mzuri ni Juni hadi Septemba, hakuna mvua na asubuhi ni baridi. Kuanzia Desemba mawe huteleza. Oktoba na Novemba ni joto kali, mabibo yameiva, na kiongozi aliyekesha kwenye uraka asipewe kundi la watu. Tena ndio msimu wa korosho: kijana anayeacha kuokota korosho za familia yake ili kuwashusha wageni ana haki ya kudai bei kubwa kuliko ya Julai.