Kuku wa Uani na Haki ya Jirani

Ni nyumba chache katika wilaya ya Same ambazo ukipiga hodi hutalakiwa na kuku kabla ya kulakiwa na mwenye nyumba. Wapo Hedaru na Makanya, kandokando ya njia kuu iendayo Moshi. Wapo Kisiwani na Maore, upande wa pili wa milima. Na wapo huko juu, Mbaga, Suji na Chome, ambako ukungu hauondoki upesi. Aghalabu hawazidi kumi na watano, na aghalabu ni mali ya mama wa nyumba. Ng'ombe ni wa mume na shamba ni la ukoo, lakini kuku mama aweza kumuuza bila ya kuomba ruhusa, akanunua daftari, sabuni au dawa ya mtoto. Kwa sababu hiyo kuku wanapokufa hapana baraza liketilo. Msiba huo huishia jikoni.

Nami nimelelewa katika nyumba ya namna hiyo, chini ya mlima, mahali ambapo mvua ni haba na mkonge hustawi kuliko mahindi. Mama yangu alikuwa na kuku kumi na wanne. Mwaka mmoja, siku chache kabla ya Idi, tulinunua jogoo gulioni, mwekundu, mwenye sauti ya kupendeza, tukamwachia humo humo pamoja na wenzake. Siku ya nne akajikunyata. Siku ya sita akaharisha uharo wa kijani, na shingo ikapinda. Haukupita muda akabaki tetea mmoja tu, aliyekuwa akiatamia peke yake nyuma ya ghala.

Watatu kati ya wale wagonjwa tuliwawahi kwa kisu. Kuku achinjwaye kabla hajafa, na uhai ungali umo ndani yake, si kibudu, na hilo lajulikana katika kila nyumba ya Kiislamu. Basi tukala, wala hatukudhurika. Lakini manyoya na matumbo tuliyatupa jalalani, na jalala lile ndipo kuku wa jirani walipokuwa wakiparura kutwa. Baada ya juma moja nao wakaanza kudondoka.

Jirani yule, aliyekuwa akichota maji na mama bomba moja kwa miaka mingi, alisimama uani akasema, "Jirani, maradhi haya yametoka kwako." Mama akamjibu, "Jirani yangu, kwani mimi nimependa?" Wakakaa kiangazi kizima bila ya kuombana hata chumvi. Nilipokuwa mtoto nilidhani kuwa jirani ametuonea. Sasa najua ya kuwa alisema kweli tupu.

Maradhi hayo ni kideri, na wengine huyaita mdondo. Wataalamu waliyatambua mwaka 1926 katika mji wa Newcastle, Uingereza, na katika kisiwa cha Java, na tangu hapo yameonekana karibu kila pembe ya dunia. Yaletwa na kirusi kikaacho katika kinyesi, mate na makamasi ya kuku. Huchukuliwa na matenga ya wachuuzi, na nyayo za viatu, na ndoo ya maji, na unyoya upeperushwao na upepo. Kuku aweza kuwa nayo siku tano au sita naye angali akiwika vizuri, na ndiyo maana jogoo wetu hatukumshuku. Dawa ya kuyaponya hapana. Nimeona kuku wakinyweshwa pilipili, mwarobaini, kitunguu saumu na shubiri. Waliopona ni wale ambao wangepona hata bila ya hayo.

Kifaacho ni kinga. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Queensland, huko Australia, walitengeneza chanjo iitwayo I-2 kwa ajili ya nchi za joto na vijiji visivyo na barafu. Yavumilia joto siku kadhaa, almuradi isipigwe na jua, na mtu aweza kuisafirisha ikiwa imeviringwa katika kitambaa kibichi. Kwetu Tanzania hutengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Kuku hutiwa tone moja katika jicho moja, kifaranga na jogoo tone ni lile lile, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Hupewa mzima tu. Aliyekwisha kuugua haimfai, na hata yule mzima yahitaji kupita siku kadhaa ndipo mwili wake upate nguvu. Kwa hiyo mtu asingoje mpaka asikie kuku wa mtaa wa pili wanakufa.

Mambo hayo si mazito. Uzito upo hapa: chupa moja hutosha mamia ya kuku, na ikiisha kufunguliwa haiwekwi kwa ajili ya mwezi ujao. Mama mwenye kuku sita aifanyie nini? Akiinunua peke yake, dawa nyingi yamwagika. Tena wake wakiwa wamechanjwa na wa jirani hawakuchanjwa, maradhi hayatoki mtaani. Yatazunguka kwa jirani, yatamaliza vifaranga wake mwenyewe walioanguliwa baada ya chanjo, na hatimaye yatavunja ujirani. Mtu aweza kufuga mbuzi peke yake. Kuku wa kutembea ovyo hawafugwi peke yao, kwa kuwa hawajui mpaka.

Dada yangu ameolewa juu mlimani, na yeye hunicheka nikilalamikia kideri tu. Huko vifaranga hufa kwa baridi ya alfajiri, basi huwalaza jikoni karibu na mafiga, chini ya tenga. Kicheche na kanu huja usiku, mwewe huja mchana. Lakini adui amchukiaye kuliko wote ni siafu. Kuku aatamiaye hukaa siku 21 juu ya mayai yake, wala hataki kuinuka. Siafu wakimfikia kizani humla akiwa hai. Dada humwaga majivu kuzunguka banda kila jioni. Vifaranga vyake huvilisha mchwa: hujaza chungu kinyesi kikavu cha ng'ombe na magunzi, hunyunyiza maji, hukifudikiza juu ya tundu la mchwa wakati wa magharibi, na asubuhi huwapata wamejaa. Ni chakula bora kuliko pumba, na hakina gharama. Hayo yote ayaweza mwenyewe. Kideri ndicho kilichomshinda, mpaka yeye na wenzake watano wakachanga fedha wakanunua chupa moja.

Mwezi wa Juni 2025 serikali ilianzisha kampeni ya kuchanja mifugo nchi nzima, na chanjo ya kuku ikatolewa bila ya malipo. Ni msaada mkubwa. Hata hivyo tone halimfuati kuku vichakani. Hapana budi afungiwe usiku, akamatwe kabla ya kufunguliwa, na mtaa mzima uwe umeafikiana siku. Kadhalika yatakikana kuku mgeni atengwe muda wa majuma mawili, japokuwa Idi imekaribia. Kibudu na manyoya ya mgonjwa yafukiwe chini sana au yachomwe. Wala mtu asimpeleke gulioni kuku aliyejikunyata ili amtwishe mwenzake hasara. Hili la mwisho nalisema kwa uchungu, maana jogoo wetu mwekundu alikuwa na mwenyewe, na huenda mwenyewe alijua.

Mama na jirani yake walipatana zamani. Mara ya mwisho nilipokuwa nyumbani, baada ya sala ya alfajiri, jirani yule ndiye aliyeshika kuku na mama ndiye aliyetia tone. Walipita nyumba saba, wakachanja kuku sitini na wawili, na chupa ilikuwa ingali na dawa. Mtoto akatumwa mbio nyumba ya nane. Akarudi akitweta: mwenye nyumba alikuwa amekwisha wafungulia.