Baiskeli ya Safari: Tuinunue kwa Macho au kwa Njia?

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Kintinku

Mwaka jana familia moja, katika kijiji kilicho mbali na hapa kwetu, ilimsubiri ustadhi wetu tangu Adhuhuri aje kusimamia kuoshwa kwa maiti na kuongoza sala ya jeneza. Alifika baada ya Magharibi, akisukuma baiskeli kwa mkono, kanzu imejaa grisi. Mazishi yakafanyika kwa mwanga wa tochi. Wafiwa hawakutulaumu, na hilo likatuuma zaidi, kwani baiskeli ile tuliinunua sisi wanakamati kwa fedha za sadaka.

Ilikuwa baiskeli ya mtumba, yenye gia nyingi na rangi ya kung'aa. Gia ya nyuma ilivunjika mchangani, cheni ikajikunja ndani ya spoki, na mafundi wa karibu hawakuwa na kipuri chake. Tulipokutana tena, mzee mmoja alituuliza: "Wanangu, mlinunua kwa macho au kwa njia?"

Tukaanza upya, safari hii kwa njia. Kintinku iko bondeni. Treni ya Reli ya Kati na mabasi hutupitia, lakini anayewafuata wanafunzi wa madrasa vijijini hupita kwenye mchanga, miiba ya migunga, na mbuga ambazo udongo wake mweusi hunata wakati wa masika. Anayeelekea Manyoni hupanda Saranda, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Kutoka Manyoni hadi Singida mjini ni takriban kilomita 120 zaidi, na ustadhi huifanya safari hiyo pia. Masafa hayo yamevuka kilomita 80 na ushei ambazo wanazuoni wengi hukadiria kuwa ni safari ya kupunguza sala. Haya si matembezi ya jioni.

Vijana walitaka gia kwa sababu ya mlima. Wazee walitaka baiskeli ya chuma, aina ya Phoenix, kwa sababu vipuri vyake hupatikana hata gulioni. Kila upande ulikuwa na hoja. Fundi wetu akatupatanisha: chukueni ya chuma, kisha mbadilishe gia moja ya nyuma. Ikiwa mbele kuna meno 44 na nyuma 18, duru moja ya pedali huzungusha gurudumu karibu mara mbili na nusu. Mkiweka 22 nyuma, huzungusha mara mbili tu. Mwendo utapungua kwenye lami, lakini mguu utapumzika mlimani. Pale patakaposhinda kabisa, msafiri atashuka asukume, wala si aibu. Aibu ni kukwama watu wakikungoja.

Mengine tuliyoyazingatia ni haya. Tairi ziwe pana, kwani nyembamba huzama mchangani. Matgadi yaachie nafasi ya kutosha, la sivyo tope hukaza gurudumu. Breki zijaribiwe mteremkoni, mzigo ukiwa juu ya keria, kwa sababu kushuka Saranda ni hatari kuliko kupanda. Kava la cheni lisikosekane, ili kanzu isinaswe. Siti iwekwe kwa kipimo: kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu ukaribie kunyooka. Mfukoni kuwe na tyubu mbili, viraka, solusheni, spana na pampu.

Mtume (s.a.w.), kama ilivyopokewa na Tirmidhi, alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Allah. Kwetu sisi, kukagua breki na spoki ni sehemu ya kufunga ngamia. Mwaka 2017 Waislamu wanane wa Uingereza waliondoka London kwa baiskeli kuelekea Madina, kwa nia ya Hija, safari ya wiki zipatazo sita. Safari kama hiyo haimalizwi kwa hamasa pekee.

Wazazi nao tunawanasihi. Mtoto anayekwenda shule ya mbali asinunuliwe baiskeli atakayoikua, ambayo leo miguu yake haifiki chini. Akishindwa kusimama upesi barabarani, bei nafuu ile itakuwa ghali. Mpelekeni kwa fundi, apande mbele yenu, ndipo mlipe.

Baiskeli mpya imeshapanda Saranda na kurudi. Ustadhi ametueleza kwamba alishuka akasukuma mara mbili, na alipata pancha moja aliyoiziba mwenyewe chini ya mgunga, akaiwahi Alasiri. Tulikwenda pia kwa familia ile kuomba radhi, nasi tunamshukuru Allah kwamba walitupokea.

Aliyekabidhiwa fedha za watu ataulizwa juu yake. Tunamuomba Allah atuwezeshe kujibu.

Wabillahi tawfiq.