Apangaye Kupanda Apange na Kurudi

Juma lililopita simu yangu ililia usiku, na aliyekuwa upande wa pili ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyeolewa Marangu. Kijana huyu ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, na huu ni mwaka wake wa tisa katika kazi hiyo. Mwezi wa Julai anakuja kunitembelea hapa Uswidi, na katika yote ya kuonekana katika nchi hii amechagua jambo moja tu: twende tukapande Kebnekaise, mlima mrefu kuliko yote ya Uswidi.

"Una mita ngapi, mjomba?" aliniuliza. Nikamwambia unakaribia mita 2,100. Basi alicheka hata nikaisogeza simu mbali na sikio. "Mjomba, huo si mlima, huo ni kichuguu! Sisi pale langoni Marangu, kabla hata ya kuanza safari, tuko zaidi ya mita 1,800."

Hesabu yake ni sahihi. Kilimanjaro ina mita 5,895, na hata kituo cha kwanza cha kulala wageni, Mandara, kiko juu kuliko kilele cha Kebnekaise. Lakini kicheko kile kilininyima usingizi. Mimi nami nilicheka hivyo hivyo miaka sita iliyopita, na nusura nimpoteze rafiki yangu. Kwa hiyo leo nimeona niueleze mlima huu na jinsi safari yake inavyopangwa, kwani najua wapo ndugu zetu wengi, wanafunzi na wafanyakazi, ambao huambiwa na wenyeji wao, "Twende mlimani majira ya joto," wakadhani wanaalikwa matembezi ya jioni.

Kwanza tujue uko wapi. Kebnekaise uko kaskazini kabisa mwa Uswidi, kilomita zipatazo 150 kupita mstari wa Aktiki, katika nchi ya Wasami, wafugaji wa kulungu wa kaskazini. Mtu wa kwanza anayejulikana kufika kileleni ni Mfaransa Charles Rabot, mwaka 1883, akiwa na waongozaji wake. Ilikuwa miaka sita kabla ya Hans Meyer kufika kilele cha Kibo. Kutoka Stockholm unapanda treni ya usiku hadi mji wa Kiruna, mji wa machimbo ya chuma. Kutoka Kiruna basi hukupeleka kilomita zipatazo 70 hadi Nikkaluokta, na hapo barabara inakwisha. Kituo cha wapanda mlima kiko kilomita 19 mbele, na unakwenda kwa miguu. Majira ya joto kuna mashua inayovusha watu sehemu ya njia katika ziwa, nayo hukupunguzia karibu theluthi moja ya safari. Hakuna mpagazi. Shanta yako ni mgongo wako. Nilipomwambia mpwa wangu hilo alifurahi, akasema kilo 20 kwake ni mzigo wa kawaida.

Sasa, kwa nini mlima mfupi uwe mgumu? Jibu la kwanza ni kwamba urefu wa mlima hauhesabiwi kutoka baharini, bali kutoka pale mguu wako unapoanzia. Kituo kile kiko chini ya mita 700. Njia ya kawaida, iitwayo Njia ya Magharibi, inapanda kwanza mlima mwingine, Vierranvarri, wenye zaidi ya mita 1,700, kisha inateremka hadi bonde linaloitwa Kaffedalen, maana yake Bonde la Kahawa, ndipo inaanza kupanda Kebnekaise wenyewe. Msidanganyike na jina; hakuna mbuni hata mmoja, ni mawe matupu. Na ukirudi, ukiwa hoi, sharti uupande Vierranvarri mara ya pili. Ukijumlisha yote umepanda mita zipatazo 1,800 kwa siku moja, juu ya mawe yanayocheza chini ya mguu. Mtu mzima mwenye afya huchukua saa kumi hadi kumi na nne kwenda na kurudi. Kilimanjaro unapewa siku kadhaa ili mwili uizoee hewa nyepesi. Hapa hewa haina neno, lakini kazi yote ni ya siku moja.

Jibu la pili ni hali ya hewa. Unaweza kuondoka kituoni kwa fulana, jua likiwaka na mbu wakikusindikiza (wasio na malaria, lakini wenye njaa), ukafika juu ukakuta upepo, ukungu na theluji, mwezi huo huo wa Julai. Ukungu ukishuka, huoni alama ya rangi iliyo mawe machache mbele yako. Mwezi wa Machi 2012 ndege ya kijeshi ya Norway aina ya Hercules iliugonga mlima huu katika hali mbaya ya hewa, na watu wote watano waliokuwamo wakafariki. Ikiwa rubani aliweza kupatwa na hayo, sembuse mtu mwenye ramani iliyolowa?

Jibu la tatu ni barafu. Theluji isiyoyeyuka yote hurundikana mwaka hadi mwaka, ikajibana ikawa barafu ngumu, na barafu hiyo kwa uzito wake huteremka polepole mno, kama mto ambao jicho halioni ukienda. Ndiyo maana tunaweza kuiita mito ya barafu. Inapopita juu ya mwamba usio sawa hupasuka ikafanya nyufa, nyingine za kummeza mtu na mzigo wake. Theluji mpya huzifunika nyufa hizo kama jamvi lililotandikwa juu ya kisima. Njia ya pili ya Kebnekaise, Njia ya Mashariki, ni fupi zaidi, lakini inavuka mto wa barafu uitwao Björling. Humo haingii mtu asiye na kamba, ujuzi na mwongozaji. Anayetaka kuipita hulipia nafasi katika kundi la mwongozaji mapema. Mimi na mpwa wangu tutakwenda kwa njia ndefu.

Na barafu hiyo ina kisa chake. Kebnekaise una vilele viwili. Cha kaskazini ni mwamba mtupu, mita 2,096.8. Cha kusini ni mwamba uliovishwa kofia ya barafu, na miaka yote hicho ndicho kilichokuwa kirefu; ramani za zamani zilikiandika zaidi ya mita 2,110. Lakini kofia inayeyuka. Katika joto kali la Julai 2018 ilipungua mita nne kwa mwezi mmoja. Mwezi wa Septemba 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stockholm, wenye kituo cha utafiti katika bonde la Tarfala chini ya mlima huo, walipima kilele cha kusini wakapata mita 2,095.6. Kwa hiyo kilele cha kaskazini ndicho kikawa kirefu kuliko vyote nchini. Mpandaji wa kawaida hufikia kile cha kusini. Kwenda cha kaskazini ni kupita juu ya ukingo mwembamba wa theluji na mwamba, shimo huku na shimo huku, nayo ni kazi ya wenye kamba na mazoezi.

Mpwa wangu aliposikia hayo hakucheka tena. Alisema, "Hata kwetu, mjomba. Wazee wakitueleza barafu ya Kibo ilipofika, sisi tunaona vumbi." Ni kweli. Tangu mwaka 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kilimanjaro imetoweka.

Sasa niwaambie yaliyonipata. Miaka sita iliyopita nilikwenda na rafiki yangu mmoja, mtu wa makamo kama mimi. Tulikuwa na likizo ya siku chache na tiketi ya treni isiyorudishwa pesa. Siku yetu ikafika na mawingu. Kituoni bao la hali ya hewa liliandika upepo mkali kuanzia adhuhuri. Tuliliona, tukaambiana kwamba tutakwenda haraka. Tuliondoka saa nne asubuhi, tumechelewa kwa kuwa tulikunywa chai kwa starehe. Usiku wa Julai kule hauna giza, na mtu hujiona ana wakati usiokwisha. Katika Bonde la Kahawa ukungu ulitukuta. Mimi ndiye niliyesema, "Tumefika hapa, tutarudije?" Tukaendelea. Juu, karibu na kibanda kidogo cha kujihifadhi, tulipotea alama, na tulipokiona kibanda rafiki yangu alikuwa amelowa, anatetemeka, kisha akanyamaza. Mtu mwenye baridi akiacha kulalamika, hapo ndipo pa kuogopa. Nilimvua koti lake, nikamvisha fulana yangu ya sufu, nikamnywesha chai ya mwisho iliyokuwa katika chupa. Tulikaa humo hadi akaweza kusimama. Tulirudi kituoni baada ya saa kumi na saba. Mkewe nilikuwa nimemwahidi kuwa ni matembezi tu, na hadi leo sijapata kumweleza yote.

Kwa hiyo safari hii nimeipanga kwa namna nyingine, nami nawapa mpango huo, achukuaye achukue.

Wakati ni kuanzia nusu ya pili ya Julai hadi katikati ya Agosti. Mwezi wa Juni theluji bado ni nyingi na vijito vimejaa. Septemba usiku umerudi na baridi imeanza. Nimeweka siku tatu kituoni kwa ajili ya siku moja ya kupanda. Ile tiketi yetu ya mwaka ule ilitulazimisha, nasi hatutaki kulazimishwa tena. Mzigoni tutatia koti la mvua na upepo, nguo kavu ya sufu ndani ya mfuko wa plastiki, kofia na glovu, ramani na dira, filimbi, chakula cha kuzidi na chupa mbili za chai. Maji ya vijito vya kule hunyweka. Tutakodi vyuma vyenye meno vya kufunga chini ya viatu, kwani ile kofia ya kilele ni barafu tupu yenye mteremko, na watu huteleza. Nambari ya kuita msaada ni 112, lakini simu haishiki kila mahali. Kwa hiyo tutaandika kituoni majina yetu, njia yetu na saa ya kurudi.

La mwisho ndilo kubwa. Tutaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Ikifika saa saba mchana hatujafika kileleni, tunageuka, hata kama kilele tunakiona. Na kabla ya saa hiyo, mmoja wetu akisema "turudi", tunarudi. Hapana swali, hapana mjadala, hapana kununiana kwenye treni.

Nilimsomea mpwa wangu masharti hayo nikitazamia abishane. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Mjomba, mimi kila msimu naona wageni waliolipa pesa nyingi wakikataa kugeuzwa. Sisi ndio tunaowabeba kuteremka. Kule kwenu, mgeni ni mimi. Masharti nimekubali."

Kumbe dada yangu alikuwa akisikiliza. Akaichukua simu, akaniambia neno moja tu: "Kilele sikijui. Mimi nimekukabidhi mwanangu."

Nikamjibu nimepokea. Na ninyi mnaopanga safari kama hii, kwanza pangeni ya kurudi. Hadi juma lijalo, tukijaaliwa, kwaherini.